Kutambua ulinganishi katika Kichina: neno "bǐ" halitoshi

Ukiuliza kompyuta itatambuaje sentensi za ulinganishi katika Kichina, jibu la haraka ni kutafuta 比, inayotamkwa bǐ. Ndiyo inayobeba sentensi kama 他比我高, yaani yeye ni mrefu kuliko mimi. Kwangu mimi, programu inayoishia hapo haifai hata kwa kusoma maoni ya wanunuzi wa simu.

Kichina hakiachi nafasi kati ya maneno. Herufi hiyohiyo imo ndani ya 比赛, mashindano, na 比如, kwa mfano, kwa hiyo bila kukata maneno vizuri utaletewa habari za mpira ukidhani umepata ulinganishi.

Hilo lina dawa. Tatizo zito ni ukanushaji. Chukua 他没有我高 na 他不比我高. Ya kwanza inasema hanifikii kwa urefu. Ya pili inasema tu kwamba hanizidi. Huenda tuko sawa. Sasa weka simu mahali pa watu. Mnunuzi anaandika kwa muundo wa pili kwamba simu mpya haiizidi ile ya zamani kwa ubora, akimaanisha haoni sababu ya kutoa pesa. Mfumo unaozitia sentensi zote mbili kapu moja utaripoti kwamba simu mpya imeshindwa. Hayo mteja hakuyasema, na mtu atafanya uamuzi wa biashara kwa kuyaamini.

Mwaka 2006, watafiti Nitin Jindal na Bing Liu walishughulikia suala la kutambua ulinganishi kwa Kiingereza, wakaunganisha kanuni za mfuatano wa maneno na ujifunzaji wa mashine, yaani kompyuta kujifunza kutokana na mifano. Naiunga mkono njia hiyo hata kwa Kichina, maana mpangilio ndio unaoamua: "A bǐ B hǎo" (A ni bora kuliko B) na "B bǐ A hǎo" zina maneno yaleyale, lakini aliye bora amebadilika. Kuhesabu maneno hakukuonyeshi hilo.

Ndiyo maana wanaoandaa data ya kufundishia kompyuta wasiridhike na lebo ya "ni ulinganishi" au "si ulinganishi". Waonyeshe nani analinganishwa na nani, kwa sifa gani, na kama amezidi, amepungukiwa, yuko sawa au hajazidi tu. Hiyo ya mwisho ipewe lebo yake yenyewe, hata ikiongeza kazi.