Fundi gesi asiye na leseni: faini kwanza au usajili kwanza?

Uliza mitaa ya Chikongola au Ligula, mjini Mtwara, nani atakufungia jiko la gesi, utatajiwa jina hapohapo. Mara nyingi ni yuleyule anayefunga mabomba ya maji. Je, mtu huyo apelekwe mahakamani?

Uingereza walishaamua. Fundi anayefanya kazi ya gesi kwa malipo lazima awe kwenye daftari la Gas Safe, lililochukua nafasi ya daftari la zamani, CORGI, mwaka 2009. Asipokuwamo ana kosa la jinai, na anaweza kutozwa faini isiyo na kikomo au kufungwa hadi miaka 2.

Wanaotaka ukali wa namna hiyo Mtwara wana hoja nzito, kwa sababu huku gesi ni mbili. Kuna gesi asilia, iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982 na sasa imefika kwa bomba kwenye baadhi ya nyumba za mjini. Na kuna ya mtungi, ambayo ndiyo ya wengi. Ya mtungi ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutambaa sakafuni na kutuama chini ya meza. Gesi asilia ni nyepesi, hupanda darini. Aliyezoea moja anaweza kuitafuta nyingine mahali isipokuwepo. Jeti za jiko, yaani vipande vyenye tundu la kutolea gesi, nazo hazifanani, za mtungi zina tundu dogo zaidi. Ukichukua jiko la gesi asilia ukaliunga kwenye mtungi bila kubadili jeti, moto unatoka mrefu wa njano, sufuria zinajaa masizi, na chumba kisicho na hewa kinaweza kujaa kaboni monoksidi, gesi ya sumu ambayo haina harufu. Halafu kuna fundi anayekaza mpira wa gesi kwa waya badala ya klipu, kisha anapima uvujaji kwa kiberiti ilhali povu la sabuni lingemtosha. Huyo simtetei.

Lakini wengi wa mafundi hawa wamejifunza kwa kumshikia mwingine spana. Ukiwatangazia kifungo kabla ya kuwafungulia mlango, hawataacha kazi, hasa msimu wa korosho watu wanapojenga na kununua majiko. Watafanya jioni, bila risiti, na gesi ikivuja simu itazimwa. Zimamoto wakifika, hakuna wa kuwaeleza kiungio gani kiliguswa. Hilo linanitisha kuliko fundi kukosa karatasi.

Njia ipo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi wa mtaani anapimwa alichonacho, anajaziwa pengo, anapewa cheti. Kwenye umeme, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatoa leseni kwa madaraja, na kila daraja lina mpaka wake. Hata kadi ya Gas Safe nyuma yake imeandikwa kazi ambazo mwenye kadi anaruhusiwa. Kwa nini wa mtungi asipewe daraja lake na wa bomba lake?

Kwa maoni yangu, kwenye bomba la gesi asilia ukali uanze mara moja, maana wenye mtandao wanajulikana na mafundi wao wanajulikana. Hakuna wa kusingizia kutojua. Kwenye mtungi kitangulie kipindi cha usajili, kwa ada ambayo fundi wa Mikindani anaweza kuilipa, ndipo faini zifuate. Na mwenye nyumba anayemwita asiye na kadi ili apunguziwe bei, naye alipe faini.