Mbwa wa polisi, saa ya askari na haki ya dereva wa Marekani

Machi 2012, saa sita usiku na dakika chache, askari mmoja katika jimbo la Nebraska aliona gari likikanyaga ukingo wa barabara kuu kwa sekunde moja au mbili kisha likarudi njiani. Akalisimamisha. Dereva akamwambia alikuwa anakwepa shimo. Askari akakagua leseni, kadi ya gari na bima, akakagua na leseni ya abiria, akaandika onyo. Ilipokaribia saa sita na nusu alikuwa amesharudisha karatasi zote, na baadaye mwenyewe aliiambia mahakama kwamba shughuli ya kusimamisha gari ilikuwa imekwisha.

Lakini ndani ya gari lake alikuwa na mbwa. Akaomba ruhusa ya kumzungusha kando ya gari la dereva anuse dawa za kulevya, dereva akakataa. Akamwamuru azime injini, ashuke, wamngoje askari wa pili. Katika mzunguko wa pili mbwa akatoa ishara. Tangu onyo litolewe zilikuwa zimepita dakika saba au nane. Garini mlikutwa mfuko mkubwa wa methamfetamini, dawa ya kulevya.

Hiyo ndiyo kesi ya Rodriguez dhidi ya Marekani. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ilisema dakika zile zilivunja Marekebisho ya Nne ya Katiba, yanayomlinda raia asikamatwe wala kupekuliwa bila sababu. Jaji Ruth Bader Ginsburg aliandika kwamba mamlaka ya askari yanakoma pale shughuli ya kosa la barabarani inapokwisha, au ilipopaswa kwisha. Kumzuia dereva zaidi ya hapo, hata kwa dakika chache, kunahitaji shaka yenye msingi, na kukataa kwake upekuzi peke yake si shaka.

Majaji waliopinga walikuwa na hoja nzito. Clarence Thomas aliona kwamba sheria hii inamwadhibu askari mwepesi wa kazi na kumpa nafasi mzembe. Samuel Alito alitabiri kwamba askari watajifunza tu kupanga hatua zao: mbwa kwanza, karatasi baadaye. Kweli, mlango huo uko wazi. Tangu kesi ya Caballes ya mwaka 2005, mbwa anaruhusiwa kunusa gari huku askari mwingine akiandika faini, mradi muda usirefushwe. Hata hivyo naona Ginsburg alikuwa sahihi. Ukiruhusu dakika nane kwa sababu ni chache, nani atakayesema kumi na tano ni nyingi? Dereva aliyesimama gizani kando ya barabara hana namna ya kujua kama ameachiwa au bado ameshikiliwa.

Polisi nao wasipuuzwe. Methamfetamini husafirishwa kwa magari, na askari hawezi kuona kilichofichwa nyuma ya kiti. Mbwa hafungui begi wala haaniki nguo ya mtu hadharani. Ndiyo maana mwaka 1983, katika kesi ya Place iliyohusu begi la abiria wa ndege, Mahakama ilisema kunusa kwa mbwa si upekuzi, kwa kuwa kunafichua kitu kimoja tu, nacho ni haramu. Kama mbwa hakosei, mimi sina ubishi na hoja hiyo.

Shida ni kwamba anakosea, na kosa mara nyingi linaanzia kwa mtu aliyeshika kamba. Mwaka 2011 watafiti walichapisha jaribio la timu 18 za mbwa na waongozaji wao. Waongozaji waliambiwa kwamba karatasi nyekundu inaonyesha palipofichwa harufu. Hapakuwa na dawa wala baruti popote, lakini ishara zilizotolewa zilizidi 200. Mtu anaweza kusema jaribio lilipangwa kumhadaa mwongozaji. Lakini askari wa barabarani anayeamini dereva ana wasiwasi tayari amejibandikia karatasi yake nyekundu. Mwaka huohuo gazeti la Chicago Tribune lilipitia takwimu za vitongoji vya Chicago: ishara zilizofuatwa na dawa au vifaa vyake zilikuwa asilimia 44, na kwa madereva wa asili ya Kilatino asilimia 27.

Basi ungetarajia mahakama zidai kumbukumbu za kila mbwa barabarani: ametoa ishara mara ngapi, kimepatikana nini. Mahakama ya Juu ya jimbo la Florida ilidai hivyo. Mwaka 2013, katika kesi ya mbwa aitwaye Aldo, Mahakama ya Juu ya Marekani ililikataa sharti hilo kwa kauli moja. Jaji Elena Kagan alisema cheti cha mafunzo chaweza kutosha, kwa sababu barabarani mbwa huenda amenusa harufu ya dawa zilizokwisha kuondolewa. Inawezekana. Lakini dereva atapingaje harufu ya jana? Hapa ndipo ninapoachana na Mahakama: kumbukumbu zisiwe kipimo pekee, ila wakili wa mshtakiwa azipate, na jaji azisome kwa uzito.

Huko Colorado, bangi iliporuhusiwa, msingi wa kesi ya Place ulitikisika. Mbwa aliyefunzwa kunusa bangi pamoja na kokeini hutoa ishara ileile kwa zote mbili, kwa hiyo anaweza kufichua kitu halali. Mwaka 2019 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliamua kwamba, kwa katiba ya jimbo, kumtumia mbwa wa namna hiyo ni upekuzi na kunahitaji sababu za kutosha.

Rodriguez mwenyewe hakunufaika na ushindi wake. Kesi iliporudishwa chini, mahakama ya rufaa ilisema askari alifuata sheria ilivyokuwa katika eneo lao usiku ule, ushahidi ukapokelewa, na kifungo chake cha miaka mitano kikabaki palepale.