Ndege za kuunga: boksi kuwa la zamani haimaanishi ni hela

Kuna hii biashara ya kununua na kuuza mikusanyiko ya ndege za kuunga, zile za plastiki zinazokuja kwenye boksi zikiwa vipande vipande afu unakaa mezani na gundi na rangi mpaka inatoka Spitfire, ile ndege ya kivita ya Kiingereza. Mi naifanya pembeni ya kazi huku Uingereza, na kama kuna sentensi moja nimechoka kuisikia ni hii: "hizi ni za miaka ya 70, lazima zina hela nyingi." Hapana jamani. Zinaweza kuwa nazo, na zinaweza zisifikie hata bei ya mpya iliyopo dukani leo.

Huku hii hobi ni ya wazee zaidi. Watoto waliokuwa wanapitia duka la Woolworths wananunua ndege ya kampuni ya Airfix ya shilingi 2 ya Kiingereza (Spitfire yao ya kwanza ilitoka 1953, na wanaojua ndege wanasema haikufanana sana na Spitfire yenyewe) sasa hivi ndo wana miaka sabini na kitu. Wengi walivyopata kazi na hela wakawa wananunua kwa kasi kuliko wanavyounga, boksi zikapanda darini, chini ya kitanda, gereji, na mke akawa hajui idadi maana zingine ziliingizwa ndani kimyakimya. Sasa mzee akifariki au akihamia nyumba ndogo, familia inaingia eBay, inaona boksi linalofanana na la mzee limewekwa pauni 60, wanahesabu boksi 300, wanazidisha, wanapata pauni 18,000. Ugomvi wetu na wao unaanzia hapo.

Ile 60 ni bei ya kuomba na kuomba si kupewa. Angalia zilizouzwa tayari, eBay wana sehemu ya kuchuja ubaki na hizo tu, utakuta ileile imetoka kwa 18, nyingine 14, na moja imekaa miezi haijaguswa.

Ila kinachoamua bei hasa ni kalibu, yani lile chuma wanalomiminia plastiki. Watu wa nje hawalijui hili na ndo utamu wote wa hii biashara upo hapo. Kalibu ni ghali sana kutengeneza kwahiyo kampuni hata ikifa kalibu hazitupwi, zinauzwa, zinasafiri, zinarudi na jina lingine. Chukua Frog, Waingereza hao walianza kutoa ndege za plastiki za kuunga 1936, kabla ya Airfix kabisa. Miaka ya 70 katikati wakafunga na kalibu zao nyingi zikaenda Urusi ya Kisovieti, afu ndege zilezile zikarudi kuuzwa Uingereza kwenye mifuko ya bei chee kwa jina la Novo. Matchbox nao walianguka mwanzoni mwa miaka ya 80, kalibu zikaishia Revell ya Ujerumani ambao wamezitoa tena mara kibao. Kwahiyo mtu anaponionyesha Matchbox "adimu" mi najiuliza swali moja tu, Revell ameitoa tena au hajaitoa. Kama ameitoa basi unachouza ni boksi na picha yake, plastiki iliyomo ndani haina maajabu. Wapo wanaolipia boksi, sikatai, ila ni wachache na wanataka boksi safi lisilo na kona zilizobonyea.

Afu kuna kalibu mpya. Airfix walikuwa na Vulcan ya skeli ya 1/72 (yani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi) ya mwaka 1983, ile ndege kubwa ya kudondosha mabomu yenye mabawa ya pembetatu, watu wakawa wanaikalia kama kiwanja cha Kigamboni wakisubiri ipande. 2021 Airfix wakatoa Vulcan mpya kabisa, nzuri kuliko ile kwa kila kitu. Nani atalipa hela ndefu kwa ya zamani tena?

Upande wa pili kuna Wingnut Wings, kampuni ya New Zealand ya yule mwongozaji wa filamu Peter Jackson. Walikuwa wanatoa ndege za Vita ya Kwanza ya Dunia kwa 1/32, kazi safi mno, vitabu vya maelekezo vyenye picha halisi za zamani. 2020 wakafunga na bei zikaruka hapohapo. Hazina hata miaka ishirini hizo, na boksi moja linaweza kulipa boksi ishirini za Airfix za tangu enzi za babu! Ila hata huko usijisahau, kalibu zao baadhi zimeshaibukia kwingine, ile Fokker ya mabawa matatu imetolewa na Meng wa China, na mwenye boksi la Wingnut la ndege ambayo imerudi sokoni hawezi kuringa kama zamani.

Halafu kuna kile kilichomo ndani. Mi nikifika nyumbani kwa mtu naomba meza na taa nzuri. Nafungua boksi, natoa karatasi ya maelekezo, nahesabu fremu za vipande dhidi ya mchoro, naangalia kama mfuko bado umefungwa wa kiwandani, maana ukishafunguliwa lazima uhesabu kila kitu na kipande kimoja cha kioo cha rubani kikikosekana bei inakatika. Dekali, yani zile alama za kubandika kwenye ndege, zinakuja rangi ya chai ya maziwa kama zimekaa sehemu mbaya (kuna wanaozibandika dirishani jua lizichome weupe urudi, na mara nyingi inasaidia), lakini zikishapasuka ukiziweka majini zinaachana vipandevipande. Na magurudumu ya mpira, haya ndo mabaya zaidi, yakigusana na plastiki miaka mingi yanaiyeyusha, unainua gurudumu unakuta limechimba shimo kwenye bawa. Dari ya nyumba ya Kiingereza kiangazi ni tanuri na kipupwe ni friji, kwahiyo mzee aliyehifadhi darini amehifadhi kwa mapenzi tu.

Sasa tuje kwenye bei ya mzigo mzima, hapa ndo naitwa mwizi. Tuseme boksi 200, zikiuzwa moja moja zinaleta wastani wa pauni 15, hiyo ni 3,000. Mi nitatoa 1,000, siku nzuri 1,200. Mtu anashika kichwa. Lakini mwenye akaunti ya biashara anakatwa zaidi ya asilimia 10, kuna maboksi ya kupakia, kuna posta kila wiki, kuna yule wa Ujerumani anayedai kifurushi kimefika kimebonyea, na mzigo huu ni kama belo la mtumba, zile za juu chache ndo zinarudisha hela na zilizobaki utalala nazo mwaka mzima. Anayetaka 3,000 yake aiuze mwenyewe moja moja, na namwambia hivyo usoni bila kinyongo, kuna familia zimefanya hivyo na zimefanya vizuri tu.

Wizi ninaoujua mimi ni mwingine. Ni yule anayekuja kwa mjane, anapitisha macho dakika kumi, anasema "mama hivi ni vitu vya watoto, nitakupa 100 kwa hizi tano nikusaidie kupunguza," afu hizo tano ndo Wingnut zote na zile Airfix za zamani zilizouzwa kwenye mfuko badala ya boksi, kadi ya juu haijachanika. Anaondoka na nono zote, familia inabaki na boksi 195 ambazo sasa hakuna mnunuzi wa jumla atakayezigusa maana kilichokuwa kinabeba mzigo kimeshatoka. Nimekuta nyumba za hivyo. Msimamo wangu ni kwamba ukiitwa kuangalia mkusanyiko basi taja zile nzuri kwa jina na bei yake kabla hujataja ofa yako, afu chukua zote au acha zote. Wenzangu wengine wananiambia ujuzi wangu ndo mtaji wangu, kwanini niutoe bure. Haya, ila ukikaa kwenye meza ya mtu aliyefiwa na unakunywa chai yake, huo mtaji utumie kwingine.

Na kwa nyie wenye mizigo bado mko hai, andikeni orodha bana. Tovuti ya Scalemates ipo, bure, unaingiza boksi zako inakuonyesha mpaka ukoo wa kalibu, ilitoka lini na nani kaitoa tena. Wekeni alama zile ishirini za maana. Na zile msizotaka ziuzwe semeni pia, mi mwenyewe nina Super VC10 ya 1/144 ya rangi za East African Airways, shirika letu lile lililokufa 1977, sokoni haina bei ya kutisha lakini ole wake atakayeitia kwenye mzigo wa jumla.

Familia ambayo haijui ianzie wapi itafute tawi la karibu la IPMS, chama cha waungaji, wale wazee wanajuana na wengi watakuja kuangalia bure, au isubiri Novemba iende mji wa Telford kwenye onyesho lao kubwa ione meza za wauzaji na bei zinavyoenda. Mnunuzi akikwambia ofa yake inaisha leo jioni, mwache aende nayo. Boksi zimekaa darini miaka 40, wiki mbili zaidi haziozi.