Usiku wa Kumvizia Kasa

Mjomba aliapa kwamba siku zile kasa walikuwa wakipanda ufuo wa Shela kule Lamu, na Mjomba akishaapa huna la kusema. Tukabeba hema, sufuria na madumu ya maji, tukapiga mguu mchangani hadi taa zikapotea nyuma ya vilima. Ufuo ule una kilomita kama 12, nafasi ya kuvizia ni tele. Shemeji, mgeni wetu wa Nairobi, alikuwa ameshafakamia pweza wa nazi na juisi ya ukwaju isiyo na hesabu.

Baada ya isha Mjomba akatupa darasa. Hakuna tochi, hakuna simu, maana kasa akiona mwanga hugeuza akarudi baharini na mayai yake. Hupanda mpaka mahali maji ya bamvua, yale ya kujaa kabisa, hayafiki, akachimba kwa mapezi ya nyuma, akataga mayai mia moja hivi. "Akishaanza kutaga hashtuki ovyo. Hapo ndipo mnasogea."

Usiku wa manane nikasikia mchanga ukitupwa nyuma ya kilima. Fyaa! Kimya. Fyaa!

Mjomba akanifinya. "Anachimba."

Tukatambaa kwa matumbo, watu watano, mchanga ukituingia hadi menoni. Giza totoro, lakini umbo lilikuwa pale: pana, limeinama, linahema kwa taabu. Likaguna.

"Mkubwa huyu," Mjomba akanong'ona. "Tulieni, yuko karibu kutaga."

Mimi harufu ndiyo iliyonitia shaka. Kabla sijasema neno, kasa akatoa simu, akawasha tochi.

Shemeji! Suruali magotini, mwiko wetu wa pekee mkononi, uso kwa uso na watu watano waliolala kifudifudi wakimkodolea macho. Mayowe yale, wallahi, nadhani hata kisiwa cha pili, Manda, waliyasikia. Akatimua mbio vilevile alivyo, moja kwa moja mpaka baharini.

Asubuhi tukakuta alama pana mchangani, utadhani trekta limepita. Zilipanda hadi karibu na hema, zikapinda, zikarudi majini. Wali wa asubuhi hakuna aliyetaka kuupakua kwa mwiko ule, tukala mabuyu.

Nyumbani Bibi akauliza kama tulimwona huyo kasa.

"Tulimwona," Mjomba akajibu, akimtazama mkwe wake aliyejifanya anatafuta viatu. "Ila alishtuka kabla hajamaliza kutaga."