Alama 92 za AlphaFold zinapima nini hasa?

Tangu 1994, kila baada ya miaka miwili, watafiti hushindanisha programu zao katika CASP, mtihani wa kubashiri umbo la protini. Sifa yake kubwa ni kwamba hauvuji: mshiriki hupewa mfuatano wa amino asidi tu, yaani vipande vinavyoungana kuunda protini, huku umbo lililopimwa maabara likifichwa hadi majibu yote yakusanywe. Mwaka 2020 AlphaFold 2, programu ya akili bandia ya kampuni ya DeepMind, ilipata alama ya katikati ya 92.4 kati ya 100.

Kuyabeza mafanikio hayo ni dhuluma. Kupata umbo moja kwa eksirei kuliweza kumla mtafiti miaka. Kufikia 2022 hazina ya AlphaFold ilikuwa na maumbo zaidi ya milioni 200, bure kwa yeyote mwenye intaneti, awe London au Ifakara.

Lakini tuiangalie alama yenyewe. Umbo lililobashiriwa hulazwa juu ya lile la maabara, kisha huhesabiwa asilimia ya atomu za kaboni alfa, moja kwa kila amino asidi, zilizoangukia ndani ya angstromu 1, 2, 4 na 8 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Wastani wa asilimia hizo nne ndiyo alama. Ni kipimo safi cha uti wa protini. Kuhusu matawi ya pembeni, ambako mara nyingi dawa hushika, hakisemi lolote.

Chukua selimundu, ugonjwa unaotuumizia watoto wengi Afrika Mashariki. Katika mnyororo wa beta wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, amino asidi moja tu, ya nafasi ya 6, imebadilika: valini imekaa mahali pa glutamiki asidi. Umbo la mnyororo wenyewe halibadiliki sana. Balaa huanza pale himoglobini zilizoishiwa oksijeni zinaponatana na kuwa nyuzi ndefu zinazoipinda chembe nyekundu. Programu inaweza kuupatia mnyororo huo alama za juu kabisa bila kuugusa ugonjwa.

Watetezi wanajibu kwamba AlphaFold haikuundwa kwa kazi hiyo, tena yenyewe hutaja kiwango cha uhakika wake kwa kila sehemu. Chini ya 50 kati ya 100, usiiamini. Ni kweli. Ila uhakika huo unahusu mahali amino asidi ilipo, hauhusu madhara ya kuibadilisha. Kwa hiyo anayetaka kuitumia programu kutafuta dawa aonyeshe matokeo ya mtihani wa kushika dawa, kwa protini ambazo programu haikuwahi kufundishwa. Alama za CASP ya 2020 hazimtoshi.