Kupiga Windows 7 upya: viraka bado vipo, kazi ni kuvifikia

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na hata viraka (marekebisho ya usalama) ambavyo makampuni yalikuwa yakivilipia viliisha Januari 2023. Bado mafundi wanaletewa mashine zipigwe, yaani ziwekewe upya, hiyo hiyo: laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 2, kompyuta ya duka yenye programu ya hesabu isiyokubali toleo jingine, mashine ya maabara ambayo kifaa chake hakijaandikiwa draiva (programu ya kukiendesha) mpya. Watu wa usalama wanasema mfumo huo uzikwe. Mafundi wanasema mteja anataka kazi yake iende. Kwa maoni yangu, kote kuwili linarukwa swali lenye uzito: inapigwaje?

Wanaokataza wana mfano mkali. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani, na wengi walioathirika walikuwa kwenye Windows 7. Lakini kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetoka Machi, miezi miwili kabla, na wakati huo Windows 7 ilikuwa bado inahudumiwa. Walioumia ni ambao hawakukiweka. Kwa hiyo Windows 7 yenye viraka vyote hadi Januari 2020 si sawa hata kidogo na ile iliyotoka kwenye flashi ya SP1 (Service Pack 1, furushi la marekebisho) ya mwaka 2011 ikaachwa hivyo hivyo. Hii ya pili ina tundu lile lile la WannaCry, na ndiyo wateja wengi wanayorudishiwa, kwa sababu fundi alifungua Windows Update, akakutana na kosa 80072EFE, akaamini kwamba seva zimefungwa.

Tatizo ni saini. Huduma ya Windows Update ilihamia kwenye saini za SHA-2 (njia mpya ya kuthibitisha kwamba faili ni halisi), na tangu Agosti 2020 mashine inayoijua SHA-1, ya zamani, peke yake haipokelewi. Dawa ni faili mbili, zote bure kwenye Microsoft Update Catalog, tovuti ya Microsoft ya kupakua viraka kwa namba zao za KB: juu ya SP1 weka KB4490628, kisha KB4474419. Zipakue kwa kompyuta nyingine, maana Internet Explorer 8 inayokuja na mfumo inashindwa kufungua tovuti nyingi za leo. Mwenye mashine kadhaa na bando dogo atafaidika na KB3125574, iliyokusanya viraka vingi vya kuanzia SP1 hadi Aprili 2016 kwa mkupuo mmoja. Inataka KB3020369 itangulie.

Draiva zinatesa zaidi. Flashi ya Windows 7 haina draiva za USB 3.0, hivyo kwenye bodi nyingi za Intel za kizazi cha sita na kuendelea, kibodi na mausi vinagoma kwenye skrini ya kwanza tu. Kadi ya mtandao nayo isipotambuliwa, huna intaneti ya kuitafutia draiva yake. Watengenezaji wenyewe hufuta faili za zamani. Intel iliondoa nyingi kwenye tovuti yake mwishoni mwa 2019. Hapo watu hukimbilia mafurushi ya draiva yasiyojulikana yalikotoka, na hapo nasimama na watu wa usalama bila kusita. Draiva hufanya kazi kwenye kiini cha mfumo. Yenye ubaya ndani inaweza hata kuizima antivairasi.

Njia safi ipo. Fungua Device Manager (orodha ya vifaa ndani ya Windows), soma kitambulisho cha kifaa: VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek. Kitafute kwa namba hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji au Catalog. Kabla ya kufuta diski, nakili folda ya FileRepository iliyo ndani ya DriverStore. Humo mna draiva zote ambazo mashine ilikuwa ikizitumia. Ukiona Code 52 (kosa la saini ya draiva kutothibitika), usikimbilie kuzima ukaguzi wa saini. Mara nyingi KB4474419 haijawekwa.

Hata ukifanya yote haya kwa usahihi, Chrome iliishia toleo la 109 kwenye mfumo huu, na matundu yaliyogunduliwa baada ya viraka kukoma yatabaki wazi. Mashine ya maabara isiyogusa intaneti naitetea kwa moyo wote, kwa kuwa kuitupa ni kutupa na kifaa kizima kinachohudumia watu. Ya mwanafunzi anayefungua barua pepe na benki, hapana. Linux Mint itamfaa zaidi, ingawa kwenye RAM ya GB 2 itasuasua.

Wanaosema basi iwekwe Windows 10, nayo ilifika mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, wakati Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Kazi hii itarudi kwa wingi zaidi. Mwenye Windows 10 inayofanya kazi vizuri leo achomeke flashi na kunakilia humo draiva zake zote kwa amri ya pnputil /export-driver, wakati bado ziko ndani ya mashine.