Dogo ana vyeti vitatu, anataka cha nne

Wiki iliyopita dogo mmoja wa mtaani kwetu kanifuata WhatsApp, shikamoo kaka, marahaba, afu akamwaga yote kwa mkupuo: ana CompTIA A+ (cheti cha mwanzo cha ufundi wa kompyuta), ana CCNA (cheti cha mitandao cha Cisco), ana na kingine cha usalama wa mtandao, kazi hana, sasa achukue kipi cha nne ili sivii ikae vizuri? Ile meseji nimekaa nayo siku mbili sijaijibu. Jibu lililokuwa mdomoni ni usichukue chochote, ila na hilo lingekuwa uongo maana mi mwenyewe bila cheti nisingeitwa hata kwenye intavyuu ya kwanza.

Tusidanganyane, anayepitia sivii mara nyingi hajui seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta zingine, inafananaje. Tangazo limeandikwa CCNA, asiye nayo anawekwa pembeni, kwisha habari. Na hela inatoka kweli, mtihani wa CCNA ni dola 300, piga kwa shilingi ni zaidi ya laki saba, na baada ya miaka 3 kinaisha muda unaanza kuhangaika upya. Wale waliojipigia vyeti vya MCSE vya Microsoft wanakumbuka, januari 2021 Microsoft wakavistaafisha moja kwa moja, na vile vipya vingi vinaisha kila mwaka, angalau kuvihuisha ni bure mtandaoni.

Kinachoniuma ni madampu. Yaani mtu anapata faili la maswali yaliyoibwa, anakariri A, C, C, B, anapasua maksi za kutisha, siku ya kwanza kazini unamwambia angalia kwanini seva haipatikani anaanza kukuangalia wewe. Ndo maana RHCSA, cheti cha Linux cha kampuni ya Red Hat, naiheshimu kuliko zingine zote, pale hakuna cha kuchagua herufi, unapewa mashine unaambiwa fanya, tengeneza yuza, panga diski, rudisha paswedi iliyopotea ya root (yuza mkuu wa mashine), na gugo hamna. Unatafuta 210 kwenye 300. Afu mashine zinarestatiwa ndo wanasahihisha! Kama uliweka kitu kikafanya kazi ila hukukiweka kidumu, umeumia, na ukikosea mstari mmoja tu kwenye fstab, faili linaloiambia mashine diski zake ziunganishwe wapi inapowaka, mashine inaweza isiwake kabisa, sasa watasahihisha nini. Nilitoka kwenye ule mtihani shati limelowa mgongoni na AC ilikuwa inapuliza.

Lakini hata RHCSA haikuniokoa ile jumamosi.

Sehemu niliyokuwa nafanya zamani, sitaitaja, tulikuwa na seva ya uhasibu. Bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, inapiga kila usiku saa nane, asubuhi nafungua naona tiki ya kijani, nakunywa chai. Siku hiyo umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ilikuwa mzee wa zamani sana, diski zikafa mbili kwa mpigo. Sawa, nikasema, bakapu ipo. Naenda kwenye folda nakuta mafaili yote yana tarehe nzuri kabisa na ukubwa wa sifuri. Miezi minne. Ile skripti ya bakapu (amri zinazojiendesha zenyewe) ikishindwa kuingia kwenye databezi ilikuwa inatengeneza faili tupu halafu inaripoti imemaliza salama, na aliyeiandika ile skripti ni mimi. Mama wa uhasibu alikuwa na risiti za karatasi kwenye maboksi, tukaingiza moja moja wiki tatu, kila siku ananiambia "mwanangu hii ilikuwa humu jamani" na mi natamani ardhi ipasuke.

Baadae nikaja kusoma yaliyowakuta GitLab, kampuni inayowahifadhia watengeneza programu kodi zao, tarehe 31 januari 2017 nikapumua. Mhandisi wao, usiku, kachoka, kafuta folda ya databezi kwenye seva yenyewe badala ya ile ya akiba. Gigabaiti kama 300, anashtuka zimebaki 4 na kitu. Kukimbilia bakapu, haipo, programu ya kutoa nakala ya databezi ilikuwa toleo la zamani kuliko databezi kwa hiyo ilikuwa inafeli kila siku, na emeli za kutoa taarifa zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu alikuwa kaipiga kwa mkono masaa sita kabla kwa shughuli zake zingine kabisa. Na wale ni watu wenye hela na akili! Wakaandika yote hadharani, ndo tunajifunza sote.

Sijawahi kuulizwa kwenye intavyuu yoyote: mara ya mwisho umerudisha bakapu lini ukaona data kwa macho yako? Siku hizi nikikaa mi upande wa kuuliza, swali langu la kwanza ni hilo, na ukiniambia hujawahi ila unajua hatua zake nashukuru kwa ukweli wako.

Nisiivunjie heshima CCNA lakini. Jumapili ya tarehe 12 mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilivyokatika huko baharini na intaneti ikawa ya kubembeleza nchi nzima, bosi alinipigia mara saba akidhani nimechomoa kitu. Nikaangalia rauta yetu, sawa, nikafuatilia pakiti zinakwama wapi, zinatoka kwetu salama zinafia mbele huko, nikamwambia bosi tatizo lipo baharini. Hakuniamini mpaka alipoona taarifa ya habari, ila mi kile kitabu cha CCNA ndo kilinizuia nisianze kurestati kila kitu kwa hofu.

Basi dogo nikamjibu jana. Nikamwambia weka hiyo hela, kwenye hiyo hiyo laptopu yako ya RAM 8 weka VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta yako), simamisha mashine mbili za Linux, moja iwe na databezi, nyingine ihifadhi bakapu, afu ile ya kwanza iue kwa makusudi uirudishe. Ukiweza mara tatu bila kugugo njoo tuongee habari ya RHCSA.

Saa tano usiku kanitumia picha ya skrini nyeusi, mashine imegoma kuwaka, kakosea fstab. Anauliza aiinstoli upya? Nikamwambia usithubutu, kaa nayo hapo hapo.